Sinia la Bi Maimuna

Siku mliponiaga ofisini mlinikatia keki yenye sukari ya rangi mbili juu yake, mimi niliyemaliza miaka yangu yote ya kazi nikiwaambia watu wapunguze sukari. Niliila. Na kwa kuwa niliila mbele yenu nyote, sina tena cha kuficha, basi acha niwaandikie mlichoniomba: kazi ya lishe kwa wazee wa visiwa hivi ilikuwaje, na nilijifunza nini ambacho hakimo vitabuni mwenu.

Habari za vyeo sitaziandika. Mshahara nao ulikuja mwisho wa mwezi ukaondoka mwanzo wa mwezi, hauna historia.

Nilitoka Machakos nikiwa kijana, sijawahi kupanda chombo cha majini kikubwa kuliko karai. Kutoka Mokowe hadi Amu, ndiyo Lamu, nilishika ubao wa boti kwa mikono miwili huku akina mama walioketi mbele yangu wakila ndizi na kunitazama kwa huruma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa karatasi kubwa niliyoikunja kwapani. Ilikuwa picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo chakula cha wanga, robo nyama au maharagwe. Ilichapishwa kwa ajili ya nchi nzima, kwa hiyo mboga ilikuwa sukuma wiki, wanga ulikuwa ugali, na kwenye ile robo palilala paja la kuku. Samaki hakuwamo hata mmoja. Nikaipeleka kwa watu waliokuwa wakila samaki tangu kabla babu yangu hajazaliwa.

Vifaa vyangu vingine vilikuwa vya watoto: mizani ya kuning'iniza, ubao wa kupima urefu, utepe wa kuzungushia mkono. Kazi ya lishe siku hizo ilikuwa watoto na waja wazito. Wazee walikuja kliniki wakisindikiza wajukuu, wakakaa kwenye benchi la nyuma, wakasikiliza somo lote, kisha wakaenda zao wakiamini kuwa halikuwahusu. Na kusema kweli halikuwahusu, kwani hakuna aliyeandika somo lao.

Aliyenionyesha benchi lile la nyuma ni Bwana Athman. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya Pate, mzaliwa wa huko huko, mtu wa maneno machache ambaye kila asubuhi alitazama maji kabla hajamtazama mgonjwa. Pate boti haifiki mjini mpaka maji yajae. Yakitoka, abiria anashushwa mbali, naye huja kwa miguu. "Bi Ndinda," aliniambia safari yangu ya kwanza, "maneno yako ni mazuri, lakini mai hayangoji. Maliza." Sikumaliza. Nilirudi botini nikikanyaga tope hadi magotini na mizani kichwani, na kuanzia hapo masomo yangu yakawa mafupi.

Bwana Athman ndiye aliyenifundisha pia namna ya kuuliza. Mimi niliwauliza wazee, "Mnajua nini kuhusu lishe bora?" Wakanijibu kwa adabu kwamba hawajui kitu, wao ni watu wazima tu. Akanivuta kando. "Usimuulize mtu mzima ayuayo. Muulize mamake alikuwa akimkataza nini." Nilipouliza hivyo, niliketi hadi adhuhuri. Mama zao waliwakataza tikiti na papai kwa sababu ni vyakula vya baridi na baridi huingia kwenye viungo. Waliwaruhusu tende, asali na tangawizi kwa sababu ni vya moto, vinatia nguvu. Mengine waliyapata kwenye darsa msikitini, mengine redioni, mengine kwa muuza dawa wa dukani. Na simu zilipoingia, mengine yalitoka kwa mtoto aliyeko Mombasa, anayewapigia kusema kwamba maji ya ndimu asubuhi yanamaliza kisukari chote. Mjane anayeishi peke yake alijua kama jirani yake anavyojua, ila yeye alikula chai na mkate kwa sababu kumpikia mtu mmoja, akasema, si kupika.

Kwa hiyo, vijana wangu, msije mkaandika kwenye ripoti kwamba wazee hawana maarifa ya lishe. Wanayo mengi mno, na kila moja lina mwenyewe. Nilipomwambia bibi kwamba papai ni zuri nilikuwa nashindana na mamake marehemu, na mamake hakukosea hata siku moja maishani. Ushindani huo sikuushinda. Bwana Athman alikata papai, akalinyunyizia pilipili manga na ndimu, akampa yule bibi na kumwambia kwamba limetiwa moto. Bibi akala, akaomba kipande cha pili. Nilirudi Amu siku hiyo nikiimba, na nahodha akaniuliza kama nimeposwa.

Basi miaka ikapita. Nilizoea maji, nikazoea jua, nikapewa jina la Bi Mboga ambalo mpaka leo nikipita sokoni nalisikia. Ulipofika wakati nilipomjua Bi Maimuna, nilijiona fundi. Ngoja niwaeleze vizuri huyu ni nani, kwa sababu kesi ngumu kuliko zote nilizopata ni yake.

Bi Maimuna alikuwa mpishi wa harusi wa Pate. Si mpishi wa kuajiriwa. Alikuwa yule mama ambaye familia ikipanga harusi humwendea kabla haijapanga siku. Alijua sufuria ngapi za wali zinatosha nyumba ngapi, na nani haketi sinia moja na nani. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamuru, na alikuwa na kisukari. Wakati ninaousimulia alikuwa ameshaingia uzeeni, anaishi na binti yake Rukia, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kilichoanza kwa kiatu cha kubana na kukataa kupona.

Daktari wa Amu alimtazama kidole, akatazama kipimo cha damu, akasema wazi mbele yangu na Rukia. Dawa anazomeza ni sawa, na kidonda kinasafishwa vizuri. Lakini sukari isiposhuka kidonda hakitafunga, na kikiendelea kupanda itabidi kukata kidole, pengine mguu wote chini ya goti. Alimpa muda hadi kliniki ya baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi.

Tulipofika Pate Bi Maimuna akamwambia Rukia, "Mpishi asosimama si mpishi." Aliingia ndani. Huo ndio mguu tuliokuwa tukiupigania.

Nikamletea sahani. Mchoro mpya, safari hii nilichora mwenyewe, wenye samaki na majani ya kunde. Nikamnunulia na sahani yenyewe ya udongo, nikaigawanya kwa mistari ya rangi. Bi Maimuna alinisikiliza vizuri sana. Niliporudi wiki mbili baadaye alinisomea somo lote bila kukosea: nusu mboga, robo samaki, robo wali, tende si dawa, halwa ni sukari hata ikipikwa na sharifu. Alilijua kuliko wanafunzi wangu wa chuo. Bwana Athman akamtoboa kidole cha mkono, akapima. Sukari ilikuwa imepanda.

Hapo nilikasirika, na nawaambia wazi kwamba nilikasirika. Nilimuuliza, "Bi Maimuna, sahani uliitumia?"

"Niliitumia."

Rukia alikuwa mlangoni amekunja uso. "Mama, sema kweli."

"Nimesema nimeitumia. Paka yuna sahani nzuri sasa, Pate nzima hakuna paka kama hoyu."

Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa akicheka. "Weye Bi Mboga wanipenda, nayua. Lakini sahani kando ni ya mgeni wa mbali au ya mwenye ndwee ya kuambukiza. Wanangu waketi sinia moya, mimi niketi pembeni na kisahani? Nimefanyani? Siku nikila pekee yangu ndani ya nyumba yangu, hilo guu mulikate tu, sina haja nalo."

Nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuchora chochote: nikabaki kula.

Wengi wenu mmekula kwenye sinia, lakini sijui kama mmewahi kulitazama. Rukia alimwaga wali wa nazi ukajaa sinia zima, akauweka mchuzi wa samaki katikati, na kibakuli kidogo cha majani ya kunde kikawekwa kando, kwa heshima yangu nadhani. Tukaketi mkekani, Bi Maimuna, Rukia, dada zake wawili na mimi. Kila mtu alikula mbele yake, ndiyo adabu. Hapana mtu aliyenyosha mkono kuvuka upande wa mwenzake. Lakini niliona kitu kingine. Rukia alivunja mnofu wa samaki akausogeza upande wa mamake, pamoja na wali ulioloa mchuzi. Dada yake akafanya vile vile. Yule wa tatu akasogeza kipande cha ukoko, maana Mama anapenda ukoko. Bi Maimuna akila, upande wake unajaa. Akila tena, unajaa tena. Hawezi kukataa mkono wa mtoto wake, na watoto hawawezi kuacha kumsogezea mama. Nilipotazama kwa makini nikaona kwamba yule mama hakujua kamwe amekula kiasi gani, kwa sababu mbele yake hapakuwahi kwisha. Heshima ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Nilimweleza Bwana Athman hayo yote tukitembea kurudi zahanati. Nikasema, "Tufanye nini, tuwaambie waache kumheshimu?"

Akajibu bila kusimama. "Wali ndio uliyo mbee yao. Mtu husogeza kilicho mbee yake."

Nikasimama pale pale njiani. Alikuwa amelisema kama mtu anayetaja saa, wala hakujua amenipa nini. Kwenye sinia wali huzunguka na kitoweo hukaa kati. Adabu inasema ule kilicho mbele yako, na kilicho mbele ya kila mtu ni wali. Je, tukigeuza? Samaki na mboga zizunguke ukingoni, wali ukae kidogo katikati. Anayeutaka wali sharti anyoshe mkono kuvuka sinia, na Pate hakuna mtu mzima atakayefanya hivyo mbele ya watu. Watoto wakitaka kumheshimu mama, watamsogezea kilicho mbele yao, yaani samaki na kunde.

Nilijua pia kwamba nikienda kumfundisha Bi Maimuna namna ya kupanga sinia, nitakuwa nimemtukana. Kwa hiyo kesho yake sikwenda kama mtu wa lishe. Nilikwenda kuomba ushauri. Nikamwambia kuna wazee wengi wenye kisukari visiwa vyote hivi, Amu wako, Siyu wako, na hakuna anayekubali kutengwa na watu wake. Nikamwambia nimefikiri wali ukae kati, lakini mimi ni mtu wa bara, mambo ya sinia siyajui. Je, mpishi mkubwa anaonaje?

Akacheka kwa tumbo lake lote.

"Hoyu mekuya kunidanganya," akamwambia Rukia. "Lakini menidanganya kwa adabu. Nitukulie lile sinia kubwa, ulete hapa."

Kuanzia hapo kazi haikuwa yangu. Alikaa kwenye kigoda, mguu umefungwa bandeji na kunyoshwa mbele, akaamuru. Majani ya kunde niliyozoea kuwafundisha kuchemsha aliyaita chakula cha mbuzi. Akayapika kwa tui jepesi, kitunguu, pilipili na ndimu. Samaki akamtia ukwaju. Bamia akazikaanga kavu zisiteleze mkekani. Badala ya nusu ya wali akaweka vipande vya mkate wa mofa, wa mtama, ule wa zamani ambao vijana wameusahau. Akavipanga vyote ukingoni, rangi kwa rangi, akazungusha sinia kama fundi saa anavyotazama saa, na katikati akaweka kilima cha wali kisichozidi ngumi yake. "Kilima kikiwa kikubwa kitateremka," alisema. "Naiyua tabia ya wali."

Siku ya kwanza mabinti walikula wakiangaliana. Siku ya pili dada mdogo alinyosha mkono kuelekea kati, Bi Maimuna akamtazama tu, mkono ukarudi. Nilipokwenda wiki iliyofuata Bwana Athman alimpima, akapima tena kwa kutoamini mashine, akanionyesha kimya kimya. Ilikuwa imeanza kushuka.

Sasa niwaonye: msifikirie ilikuwa njia nyoofu. Kabla ya ile kliniki ya Amu kulikuwa na harusi ya mjukuu wake, binti wa Rukia. Harusi ya Pate ni siku kadhaa za kula, na bibi wa bibi harusi ndiye anayeletewa halwa kwanza, tende kwanza, na kila kitu kingine kwanza. Bwana Athman alikosa usingizi kwa ajili ya harusi hiyo. Mimi niliomba nialikwe, nikaalikwa, nikavaa dera langu zuri na kwenda kulinda mguu wa watu.

Nilimkuta Bi Maimuna ameketi uani akiongoza sufuria. Masinia ya wageni yalitoka kama kawaida, wali ukimeta kwa samli. Lakini masinia ya kina mama watu wazima yalitoka yamegeuzwa, yote, zaidi ya kumi. Nikaketi nao, na Bi Maimuna akaja kuketi nasi. Mmoja wao, wifi yake kutoka Faza, mwanamke mkavu mwenye miwani, akalitazama sinia na kuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wali wa harusi hii uko wapi?"

Bi Maimuna hakugeuza hata shingo. "Uko kati. Anayeutaka na anyoshe mkono."

Hakuna aliyenyosha. Wifi akatazama samaki wa ukwaju mbele yake, akaonja. Akala. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni na Bi Maimuna ni mwenyeji na mkubwa, akavunja mnofu mzuri wa changu, akausogeza upande wa Bi Maimuna. Nilitamani kusimama nipige vigelegele, na vigelegele vilipolia kwa ajili ya bibi harusi muda mfupi baadaye nilipiga kwa nguvu kuliko mama mzazi. Walidhani nampenda sana yule binti.

Halwa ilipoletwa, Bi Maimuna alikata kipande cha ukubwa wa kucha, akala kwa furaha, akausukuma mkungu, ile sahani ya halwa, kwa wifi. Wiki iliyofuata wanawake wa nyumba tatu walikuja kwake kuuliza sinia lile linapangwaje, na mmoja wao ni wifi, ambaye aliahirisha kurudi Faza kwa ajili hiyo.

Kama mnataka somo, ni hili, na kisha niendelee na safari: kabla hujamfundisha mzee cha kula, jua anakula na nani, na nani anamsogezea nini. Elimu haikai kichwani mwa mtu mmoja. Nimekuwa nikisema hivyo kwenye mikutano na watu wameandika, lakini waliokwenda kuketi mkekani ni wachache.

Kliniki ya baada ya mfungo sita ikafika. Maji yalijaa asubuhi, kwa hiyo tuliondoka mapema, mimi, Rukia na Bi Maimuna, na Bwana Athman akabaki gatini akitutazama mpaka boti ikageuka kona. Sijawahi kumwona akibaki gatini kwa ajili ya mtu. Botini Bi Maimuna alishika tasbihi. Mkono wangu ulikuwa mikononi mwa Rukia, na sijui ni nani aliyeushika wa mwenzake kwanza.

Daktari alifungua bandeji. Aliinama, akabonyeza kwa kidole, akabonyeza pembeni, akaomba taa isogezwe. Ngozi ilikuwa imefunga, mpya, ya waridi, kutoka ukingo hadi ukingo. Akatazama kipimo cha damu, akatazama kile cha zamani, akavua miwani.

"Hatutakata kitu hapa," alisema.

Rukia alikaa sakafuni akalia. Mimi nililia nikiwa nimesimama, na sioni haya kuliandika. Nilikuwa nimeshawahi kuwaona wengine wakirudi Pate wakitembelea magongo, na niliamini kwa muda mrefu kwamba huyu naye tungemrudisha hivyo.

Daktari akanigeukia, akafungua kalamu. "Afisa, hebu nieleze. Ulimfanyia nini?"

Nilifungua mdomo. Bi Maimuna alikuwa ameshainama kuvaa kiatu chake, kile cha kulia, kwa mara ya kwanza tangu kidonda kuanza. Akakaza kamba, akasimama wima mbele ya meza, akamtazama daktari kama alivyomtazama yule binti aliyenyosha mkono.

"Usimuulize hoyu," alisema. "Mpishi ni mimi. Kaa kitako, nikuambie."

Daktari akakaa.